Kurasa Mbili za Daftari la Marehemu Yekosofati Bogere

Wachungaji wetu, masheikh mliotoka Mbale alfajiri, wazee wa ukoo, maafande wa polisi na wa magereza, wafanyakazi wenzake wa ofisi ya upimaji, majirani wa Namatala na ninyi wenyeji wa hapa Buwenge, familia inawasalimu katika siku hii nzito ya Jumanne, tarehe 30 Agosti 1994, na inawaomba mkae mlipo mpate kusikia maisha ya mtu mliyekuja kumzika. Historia hii imeandikwa na mdogo wake wa kike, Oliver Kagoya, mwalimu wa shule ya msingi mjini Mbale, ambaye hawezi kuisoma mwenyewe kwa sababu sauti imemkauka tangu Jumamosi, na inasomwa na binti mkubwa wa marehemu, Namukose, ambaye ameombwa asiruke sehemu yoyote, hata zile ambazo shangazi yake anajisema vibaya. Imeandikwa kwa Kiswahili, si kwa Kisoga wala Kimasaba, kwa kuwa hapa wamekaa watu wa pande zote, na ingawa wako wanaoisikia lugha hii wakakumbuka buti za askari mlangoni, marehemu aliijifunza porini, kutoka kwa vibarua wa Kenya na wafungwa waliokuwa wakifyeka njia za mipaka, naye aliipenda. Tarehe zote zimehakikiwa mara mbili, maana marehemu alikuwa na tabia ya kusahihisha tarehe za watu hata msibani.

Marehemu Yekosofati Bogere alizaliwa Jumanne, tarehe 14 Machi 1944, hapa hapa Buwenge, katika nyumba ya udongo ambayo msingi wake mnauona nyuma ya hema hili, akiwa mtoto wa pili kati ya sita wa marehemu Yosamu Wambi, mkulima wa pamba, na marehemu Tabitha Namukose, ambaye jina lake ndilo alilorithi msomaji. Alikuwa mtoto mkaidi, familia haitaliremba neno hilo, ukimwambia chunguni kuna viazi kumi atafunua ahesabu, na akikuta tisa atasema tisa mbele ya wageni, na Kagoya, mdogo wake kwa miaka minne, alichapwa si mara moja kwa sababu ya hesabu za kaka yake. Baba yao alikuwa akisema kwamba mtoto huyu atakuwa karani au atakuwa mfungwa, na mama yao alikuwa akijibu kwamba vyovyote vile atakula chakula cha serikali.

Alisoma shule ya msingi hapa Buwenge kuanzia mwaka 1951 hadi 1958, kisha sekondari mjini Jinja kuanzia 1959 hadi 1962, akilala kwa mjomba wake na kurudi nyumbani kila mwisho wa muhula kwa miguu pale ambapo nauli ilikosekana. Mnamo Februari 1963 aliajiriwa Jinja kama mshika mnyororo, yaani mtu anayeburuta mnyororo wa kupimia kutoka kigingi hadi kigingi huku mwingine akiandika, na baada ya miaka miwili wakubwa wake walipoona kwamba kijana huyu akisema futi mia ni futi mia kweli, walimpeleka Entebbe kusomea upimaji, ambako alikaa kuanzia Januari 1965 hadi Novemba 1967, akafaulu, akarudi Jinja akiwa mpimaji msaidizi, amenunua viatu vya ngozi ambavyo hakuvivaa porini hata siku moja.

Hapa familia inaomba uvumilivu wenu kidogo, kwa sababu wengi mmekuwa mkimwita mpimaji, na wengine, mnajijua, mlikuwa mkimwita mshika mnyororo hata mvi zilipoota, na pande zote mbili hamkuwa sahihi. Mpimaji msaidizi anaweza kubeba darubini ya kupimia, akasoma pembe, akapanda mawe ya mpaka na kuchora ramani ya kiwanja, lakini ramani hiyo ni karatasi tu mpaka mpimaji mwenye leseni aitie sahihi, na kesi ya mpaka ikifika mahakamani ni mwenye leseni peke yake anayesikilizwa. Ili kuipata leseni hiyo ilimpasa mtu afaulu mitihani ya kuandika, afanye kazi miezi ishirini na minne chini ya mwenye leseni, kila mwezi ukiwa na ukurasa wake katika daftari la mafunzo na kila ukurasa umetiwa sahihi na yule bwana, kisha apime eneo la majaribio peke yake huku watu wa bodi wakimkagua. Marehemu aliitaka leseni hiyo kuliko kitu chochote cha dunia hii, na asiyelijua hilo hamjui aliyelala hapa.

Mwaka 1971 alitumwa Mbale kupima vibanda vya soko, na siku moja, mnyororo ukiwa umenyooshwa katikati ya njia, msichana mmoja mwenye mkungu wa ndizi kichwani akauvuka badala ya kuzunguka, na alipokaripiwa kwamba mnyororo ukitikiswa kipimo kimeharibika, akamuuliza kama barabara hiyo ni ya baba yake. Msichana huyo ni Proscovia Khainza, mjane wetu, aliyekaa mbele yenu. Walifunga ndoa Jumamosi, tarehe 11 Desemba 1971, kanisani Mbale, na Mungu akawajalia watoto watano, Namukose wa mwaka 1972, wavulana watatu waliomfuata, na Tabitha mdogo aliyezaliwa mwaka 1982 na kutangulia mbele ya haki mwaka 1984 kwa surua. Marehemu alikuwa baba wa kuogopwa siku za matokeo ya hesabu na wa kuchezewa siku nyingine zote.

Mnamo Oktoba 1975 alihamishiwa Mbale, wakapanga nyumba katika mtaa wa Namatala, na hapo ndipo alipompata Bwana Geresom Masaba, mpimaji mwenye leseni, mtu wa mlimani, mpole, mvuta kiko, aliyekubali kumchukua mafunzoni. Daftari la mafunzo lilifunguliwa tarehe 2 Mei 1977. Kati ya kazi alizofanya humo ni kiwanja cha Mama Hajarah, mjane wa marehemu Umaru, mfanyabiashara wa vitenge mjini Mbale, kilichopimwa Septemba 1977, mawe manne ya saruji yenye chuma katikati, na marehemu aliyapanda yote kwa mkono wake huku mama huyo akiwaletea chai na kuwauliza kwa nini mawe manne yawachukue watu wazima siku nzima. Novemba 1978 alifaulu mitihani yote ya kuandika, na nyumba nzima ikaanza kuhesabu miezi, Khainza akichora mistari ya mkaa ukutani jikoni.

Kisha ikaja vita, na mnaoikumbuka hamhitaji kuelezwa. Jumapili, tarehe 18 Februari 1979, baada ya ibada, Bwana Geresom alifika Namatala na begi moja, roho mkononi, akasema kuna watu wameulizia jina lake mara mbili na kwamba anavuka kwenda Kenya jioni hiyo hiyo. Zilikuwa zimetiwa sahihi kurasa ishirini na mbili, zikabaki mbili, ya Machi na ya Aprili. Alilichukua daftari, akalifungua kwenye kurasa hizo mbili tupu, akazitia sahihi zote mbili, akamwambia marehemu azijaze mwenyewe, kwamba amemwona akifanya kazi na hana shaka naye, akamkumbatia, akaenda, na hatukumwona tena, alifariki Kitale mwaka uliofuata kwa ugonjwa wa moyo.

Aprili ilipokwisha, askari waliokuwa Mbale walikuwa wamekimbia na wengine wameingia, na watu wenye hasira na wasio na hasira waliingia pamoja madukani, katika ofisi na katika nyumba za Waislamu, eti kwa kuwa rais aliyekimbia alikuwa Mwislamu, wakachukua. Karatasi za ofisi ya upimaji zilifungia karanga sokoni hadi Krismasi, ramani zilizochorwa kwenye kitambaa zilichemshwa wanga ukatoka zikashonwa magauni ya watoto, na mawe ya mpaka yalichimbuliwa kwa ajili ya kile chuma cha katikati. Marehemu aliokoa madaftari tisa ya vipimo kwa baiskeli, akayaficha ndani ya gunia la ulezi la Khainza, likiwemo daftari lenye kiwanja cha Mama Hajarah, ambaye wakati huo alikuwa amekimbilia Bungoma na wanawe, ameacha nyumba imefungwa kwa kufuli.

Jumatatu, tarehe 30 Aprili 1979, mchana, Kagoya alifika Namatala kuona kama wako hai, akamkuta kaka yake mezani na daftari la mafunzo, rula na kalamu ya wino. Wapimaji wana sharti moja la kazi ambalo hufundishwa siku ya kwanza, kwamba katika daftari la vipimo hakuna kufuta, kosa hukatwa kwa mstari mmoja ulionyooka ili lililoandikwa liendelee kusomeka, kisha unaandika tarehe na herufi za jina lako pembeni, na kwamba hakiandikwi kipimo ambacho hukukipima. Khainza alikuwa amesimama, mikono kiunoni, akimwambia kwa Kiswahili chao cha nyumbani, "Wewe umefanya kazi miaka kumi na moja, hii miezi mbili ni nini, jaza tuishi," naye akamjibu bila kuinua kichwa kwamba ukurasa huu unasema Machi alipima, na Machi yote alikuwa chini ya kitanda na watoto, sasa aandike alipima uvungu. Akaweka rula, akakata ukurasa wa Machi, akakata wa Aprili, juu ya sahihi za rafiki yake, akaandika kazi haikufanyika, akatia tarehe.

Hili ni kosa ambalo karani asingelifanya, wala mwalimu, wala fundi wa kitu kingine chochote, maana wote tungezijaza zile kurasa kabla wino wa Bwana Geresom haujakauka, na Mungu angetuelewa. Kagoya alimwambia hapo hapo kwamba amejikata mwenyewe shingo, na kuanzia siku hiyo hakumsemesha mpaka Krismasi. Daftari lilipelekwa bodi mwaka 1980, na jibu lilikuwa barua fupi ya mistari mitatu, kwamba mafunzo hayakukamilika, aanze upya chini ya mwenye leseni mwingine, kana kwamba Mbale ya mwaka 1980 ilikuwa na wenye leseni wa kuokota. Hakukuwa na hata mmoja, wa karibu alikuwa Kampala, na kati ya Mbale na Kampala kulikuwa na vizuizi vya barabarani ambavyo mtu alivipita akiwa anasali.

Mama Hajarah alirudi mwaka 1981 na kukuta mtu mwenye nguvu zake za wakati ule amevunja kufuli, amebomoa ukuta wa ua, amejenga duka katikati ya kiwanja na kusema hapo hapajawahi kupimwa. Kesi ilisikilizwa Mbale Jumatano, tarehe 9 Machi 1983. Ramani ilikuwa imeshonwa gauni la mtu, mawe yalikuwa yamechimbuliwa, kilichobaki ni lile daftari la vipimo na mtu aliyeliandika, na marehemu alikwenda mahakamani amevaa vile viatu vya ngozi, siku tatu kabla alikuwa ametembea na kamba na vigingi akapata mahali pa kila jiwe, na mahali pawili alichimba akakuta saruji iliyovunjika bado imo ardhini. Alisimama, akala kiapo, akasema kiwanja hiki ni cha mama huyu, nilikipima mimi, akafungua daftari. Wakili wa upande wa pili hakubishana na kipimo hata kimoja, alimuuliza swali moja tu, kama yeye ni mpimaji mwenye leseni. Akajibu hapana. Akaulizwa tena, labda hakusikia, akajibu tena hapana, afande, maana hofu ilimpanda akamwita wakili afande, na watu wakacheka. Ushahidi wake ukaondolewa, daftari likarudishwa mkononi mwake, na kabla ya saa sita mchana Mama Hajarah hakuwa na nyumba.

Nje ya mahakama mama huyo alipita mbele yake amejifunika uso kwa kanga, akaenda. Kagoya alikuwepo, na hapa msomaji anaombwa asome polepole, kwa sababu ndipo lilipotamkwa neno ambalo mwandishi angetoa macho yake yote mawili ili lirudi kinywani. Alikuwa na hasira, miaka minne ya hasira, akamwambia kaka yake barabarani, watu wakisikia, kwamba kama angezijaza zile kurasa mbili, leo angekuwa na leseni, na kwamba nyumba ya yule mjane hakuichukua mwizi, ameifuta yeye kwa rula. Marehemu alilitia daftari kwapani, akaenda nyumbani. Jioni hiyo hakula, na Khainza anasema alikaa akalisafisha jembe ambalo lilikuwa safi.

Mama Hajarah alipanga chumba kimoja Namatala, kwenye njia inayotoka sokoni, akawa anauza sambusa mlangoni, na marehemu, ili kufika nyumbani kwake mwenyewe, alipaswa kupita mlango huo kila siku. Kuanzia Machi 1983 hakupita. Alizunguka na njia ya mashine ya kusaga, karibu nusu saa zaidi, jua liwake mvua inyeshe, na darubini begani, kwa miaka kumi na moja, na majirani mliopo mnakumbuka mlivyosema, kwamba Bogere ana mtu wake kule mashineni, na Khainza naye aliwahi kumfuata kwa siri akiwa amejifunga kibwebwe, akakuta mumewe anatembea peke yake kando ya mtaro na viatu mkononi. Hakumuuliza, akarudi nyumbani akalia, na akamficha kwamba amelia.

Nchi ilipoanza kutulia kazi zilirudi kwa wingi, watu walitoka uhamishoni na makambini wakitafuta mahali palipokuwa kwao, na marehemu alikuwa mtu wa kutafutwa, akivuka mito ya matope na yale madaftari tisa ndani ya mfuko wa mpira, akifukua saruji kuukuu kwa mikono, akiwaonyesha watu pembe za nyumba ambazo hazikuwepo tena. Hajji Latif wa mtaa wa soko, ambaye yuko hapa, alirudishiwa mpaka wake hivyo mwaka 1988. Lakini kila ramani ilikwenda Kampala kutiwa sahihi na mtu ambaye hakuwahi kukanyaga matope yetu, na kila iliporudi marehemu aliigeuza, akaitazama ile sahihi, akaikunja vizuri na kumpa mwenyewe.

Mwaka 1991 alikuja Mbale Bwana Otim, mpimaji mwenye leseni, mzaliwa wa kaskazini, mdogo kwa marehemu kwa miaka kumi na tisa, na marehemu, akiwa na miaka arobaini na saba, alikwenda kwake kuomba mafunzo. Bwana Otim mwenyewe ametueleza kwamba aliona aibu, akamwambia, "Mzee, mimi nitakufundisha nini," akajitolea kutia sahihi kurasa zote ishirini na nne kwa siku moja, na kwamba marehemu alimwomba kwa upole asimfanyie hivyo, amsaini mwezi kwa mwezi. Walianza Januari 1992. Mitihani ilibidi irudiwe, kwa kuwa masharti yalikuwa yamebadilika, naye akafeli karatasi moja, ile ya sheria za upimaji, ambayo angeweza kuifundisha, kwa sababu alitumia muda wote kwenye swali la kwanza, la wajibu wa mpimaji kwa mwenye ardhi, akajaza kurasa tisa na kengele ikalia. Alicheka alipolisimulia hilo, na ilikuwa mara ya kwanza Kagoya kumwona akicheka tangu mwaka 1983. Aliirudia, akafaulu. Desemba 1993 ukurasa wa ishirini na nne ulitiwa sahihi, na bodi ikampangia kupima eneo la majaribio Jumatatu, tarehe 12 Septemba 1994, ambayo ni wiki mbili kasoro siku moja kutoka leo.

Mwezi Mei mwaka huu alianza kulalamika tumbo, akadhani ni vidonda vya kula ovyo porini, akanywa majani, akafunga mkanda kwa nguvu zaidi na kuendelea na kazi. Tarehe 20 Juni alianguka akiwa nyuma ya darubini, akapelekwa hospitali mjini Mbale, na madaktari wakaeleza kwamba ni saratani ya ini na kwamba imeshakwenda mbali. Aliuliza kama atafika Septemba. Daktari alimjibu kwamba watajaribu, na kuanzia siku hiyo akala kila alichopewa, hata kilichorudi, akifanya mazoezi ya kusimama kando ya kitanda, akihesabu dakika, kwa sababu eneo la majaribio lilihitaji mtu asimame.

Jumamosi, tarehe 6 Agosti, Kagoya alipokuwa amekaa naye, marehemu alimwambia jambo ambalo hakuna aliyelijua isipokuwa yeye. Alimweleza kwa nini alikuwa akizunguka njia ya mashine. Alisema hawezi kupita mlango wa mtu ambaye amemfutia nyumba, akalitumia neno lile lile, kufuta, bila lawama yoyote, kama mtu anayetaja kipimo, na hapo ndipo dada mtu alipotambua kwamba kaka yake alikuwa amelibeba neno lake miaka kumi na moja akiliamini. Akamwomba aende kwa Mama Hajarah, amwombee msamaha, amwambie kwamba akipata leseni atakwenda mwenyewe mahakamani kuomba kesi isikilizwe tena, na amletee jibu.

Kagoya hakwenda. Ni mwendo wa dakika ishirini kutoka shuleni kwake, na hakwenda. Jumamosi ile alisema amechoka, Jumamosi ya tarehe 13 alisema kuna mvua, Jumamosi ya tarehe 20 alifika hadi sokoni, akamwona mama huyo kwa mbali ameinamia karai lake la sambusa, akarudi, kwa sababu angeanza vipi, angesema neno hilo lilitoka kwa nani. Kila alipofika hospitali kaka yake alimtazama usoni, hakumuuliza, ni mtu wa kungoja jibu mpaka lije, naye alimpa maji, akamzungumzia watoto wa shule. Jumamosi, tarehe 27 Agosti 1994, saa tisa na robo mchana, marehemu Yekosofati Bogere alifariki dunia, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa Khainza, akiwa na umri wa miaka hamsini, miezi mitano na siku kumi na tatu, akiwa mpimaji msaidizi.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia usiku na mchana bila kuchoka, inawashukuru majirani wa Namatala, Wakristo na Waislamu, mliopika na kukesha na kulibeba jeneza mpaka kwenye gari, inamshukuru Hajji Latif kwa gari lenyewe, inawashukuru wafanyakazi wenzake wa upimaji, hasa Bwana Otim, ambaye jana na leo asubuhi ameshika koleo pamoja na wachimbaji, na inawashukuru wote ambao majina yao hayakutajwa, ambao wanajijua.

Na familia inamshukuru Mama Hajarah. Alifika jana Jumatatu alasiri, amebadilisha taksi mara tatu kutoka Mbale, akiuliza njia kwa watu asiowajua, na amekaa kule kwa kina mama, mwenye ushungi mweupe. Kagoya alipomwona alidhani amekuja kulalamikia nyumba yake, akamfuata, akapiga magoti, akaanza kumwomba msamaha kwa niaba ya marehemu, naye akamwinua na kumshangaa, akasema maneno ambayo mwandishi ameyaandika jana hiyo hiyo yasije yakabadilika. "Msamaha ya nini? Nyumba ilikuwa imeenda zamani, hata mimi nilijua, ile mtu ilikuwa na bunduki. Mimi nilitaka mtu moja tu asimame mbele ya watu aseme ile kiwanja ni ya Hajarah. Wote waliogopa. Bogere akasema. Siku ile nilijifunika nalia, sikuweza kumwambia asante, nikasema nitamwambia akipita. Nimekaa kwa mlango miaka kumi na moja, hapiti. Nikafikiri amenikasirikia, kwa sababu ya mimi watu walimcheka. Sasa nimekuja niombe yeye msamaha, na nyinyi mnaniambia amelala."

Yekosofati, ulituma ujumbe, na aliyetumwa hakufika, na hilo atalibeba yeye mpaka siku yake. Jibu ulilokuwa ukilingoja ni hili. Mama Hajarah hana neno na wewe, hakuwahi kuwa nalo, alikuwa akikungoja upite. Pumzika kwa amani.